Bastola za wafalme: karatasi ina bei kuliko dhahabu

Na Mwandishi Wetu

Jumapili ya Julai 7, 2024, wakati Wafaransa wakipiga kura ya duru ya pili ya uchaguzi wa wabunge, katika mji wa Fontainebleau, kusini mwa Paris, kulikuwa na shughuli nyingine. Kampuni ya minada ya Osenat ilikuwa inanadi sanduku moja lenye bastola mbili za gumegume, mali ya zamani ya Mfalme Napoleon. Makadirio ya wataalamu yalikuwa kati ya euro milioni 1.2 na milioni 1.5. Nyundo ilipogongwa na ada kujumlishwa, hesabu ilifikia euro milioni 1.69. Jina la mnunuzi halikutangazwa.

Msomaji wa ukurasa huu aliyezoea bei za kahawa, korosho na hati za serikali anaweza kuuliza ni bidhaa gani hii. Bastola ya gumegume hupiga risasi moja tu, kisha lazima ishindiliwe upya kwa mdeki. Mvua ikiingia kwenye baruti haipigi kabisa. Dhahabu na fedha zilizopambwa juu yake, hata zikikwanguliwa zote na kupimwa kwenye mizani ya sonara, haziwezi kukaribia euro milioni moja. Ni wazi kwamba mnunuzi wa Fontainebleau hakununua silaha, wala hakununua dhahabu. Alinunua habari yenye ushahidi, na soko la vitu hivi haliwezi kueleweka bila kuielewa biashara hiyo ya ushahidi.

Gumegume ni nini

Wazee wetu waliijua gumegume kabla ya magobori ya fataki kuenea, na jina lenyewe ni la lile jiwe gumu linalotoa cheche. Jiwe hubanwa kwenye kinyundo chenye springi. Mtu anapofyatua, jiwe hupiga kipande cha chuma kilichosimama mbele yake, chuma hicho hurudi nyuma na kufunua kisahani chenye baruti kidogo, cheche huangukia humo, na moto hupenya katika kitundu kilicho ubavuni mwa mtutu hadi kwenye baruti kuu. Yote hayo hutokea kwa kufumba na kufumbua, ila pale ambapo moto huishia kwenye kisahani na mpigaji akabaki ameduwaa na moshi usoni.

Uvumbuzi wa mtambo huu kamili huhusishwa na Marin le Bourgeois, fundi wa mji wa Lisieux, Ufaransa, mwanzoni mwa miaka ya 1600. Tangu mwanzo mteja alikuwa ikulu. Mfalme Louis XIII, aliyetawala kuanzia 1610 hadi 1643, alikuwa mpenzi mkubwa wa silaha na alikuwa na ghala lake binafsi. Mwaka 1673, chini ya mwanawe Louis XIV, ghala hilo liliandikiwa orodha, na namba za orodha zikagongwa kwenye vitako vya silaha. Mkurugenzi wa ghala aliyefanya kazi hiyo hakujua kwamba alikuwa anapandisha bei. Leo silaha ya zama hizo ikijitokeza ikiwa na namba inayolingana na orodha, ni sawa na gari lililotumika likikutwa na namba ya chesesi inayolingana na kadi. Bunduki moja ya gumegume ya mfalme huyo, iliyotengenezwa na ukoo huohuo wa le Bourgeois, ilinunuliwa mwaka 1972 na jumba la makumbusho la Metropolitan la New York. Bila ile namba na orodha, ingekuwa bunduki nzuri ya kale ya Kifaransa, basi.

Zawadi ya mtawala kwa mtawala

Kwa zaidi ya miaka 200 bastola za kifahari zilikuwa aina fulani ya fedha za kigeni baina ya watawala. Mfalme hakuweza kumpa mfalme mwenzake mfuko wa sarafu bila kumdhalilisha, lakini jozi ya bastola iliyopambwa ilikubalika popote. Malkia Catherine wa Urusi alikuwa na bastola za pembe za ndovu zilizotengenezwa mwaka 1786 mjini St. Petersburg na fundi Johan Adolph Grecke. Alizitoa kwa Stanisław August Poniatowski, mtu aliyewahi kuwa mpenzi wake na ambaye alimsaidia kupata kiti cha ufalme wa Poland. Sasa ziko Metropolitan. Katika jozi hiyo mnunuzi wa leo angepata majina mawili ya kifalme kwa mpigo mmoja, na madalali wa vitu vya kale wanajua kuyauza majina mawili.

Upande wa watengenezaji hauna raha hiyo. Mfano wake ni Nicolas-Noël Boutet, anayehesabiwa na wengi kuwa fundi mkubwa kuliko wote wa bastola za fahari. Alizaliwa mwaka 1761 katika familia ya mafundi wa silaha wa ikulu, akawa mtumishi wa Louis XVI, na mapinduzi yalipomwondoa mfalme, Boutet hakuondoka naye. Aliwekwa kuongoza karakana ya serikali mjini Versailles, iliyotengeneza silaha za kawaida za jeshi na, kando yake, silaha za zawadi kwa majenerali, mabalozi na watawala wa nje. Chini ya Napoleon kazi za karakana hiyo zilisambaa Ulaya nzima.

Kwa aliyesoma biashara, hatari yake inaonekana mara moja: mteja mkuu alikuwa mmoja. Mwaka 1815 Napoleon alishindwa Waterloo, majeshi ya Prussia yakaingia Versailles na kuipora karakana, na mwaka 1818 ikafungwa. Boutet alifariki mwaka 1833 akiwa hana mali. Kazi zake, ambazo wenye nazo leo huziweka chini ya ulinzi wa saa 24, hazikumwachia hata biashara ya kuendesha. Katika soko la vitu vya kale fundi hapati chochote bei inapopanda. Anayepata ni mwenye kitu siku hiyo, na dalali.

Usiku wa Fontainebleau

Turudi kwenye sanduku la euro milioni 1.69. Bastola hizo hazikutengenezwa na Boutet bali na Louis-Marin Gosset wa Paris. Zimepambwa kwa dhahabu na fedha, na sura ya Napoleon imechorwa juu yake. Mpaka hapo ni mali nzuri, lakini Napoleon alikuwa na silaha nyingi. Kilichozitofautisha ni tukio la Aprili 1814.

Majeshi ya maadui yalikuwa yameingia Paris, na Napoleon alikuwa amelazimishwa kuacha madaraka akiwa katika kasri la Fontainebleau. Alitaka kujiua kwa bastola hizi. Armand de Caulaincourt, msimamizi mkuu wa farasi na safari zake, alikuwa ameondoa baruti. Napoleon akanywa sumu aliyokuwa akitembea nayo tangu vita vya Urusi vya mwaka 1812. Sumu ilikuwa imepoteza nguvu, akatapika na kupona. Baadaye alimpa Caulaincourt bastola hizo, na zikabaki katika ukoo wake, kizazi baada ya kizazi.

Tazama ushahidi ulivyopangika. Kuna mwenye mali anayejulikana, kuna siku, kuna mahali, kuna shahidi aliyepewa zawadi kwa mkono wa mwenyewe, na kuna ukoo mmoja uliozihifadhi. Mnada wenyewe ulifanyika katika mji uleule. Sanduku la asili lilikuwepo, pamoja na pembe ya baruti na midekio yake. Hakuna pengo ambamo mtu angeweza kuuliza bastola zilikuwa wapi. Katika biashara hii pengo la miaka 40 kwenye karatasi linaweza kugharimu zaidi ya ufa kwenye kitako, kwa sababu kitako kinatengenezeka.

Anayebisha kwamba dhahabu ndiyo iliyoleta bei hiyo aangalie mnada mwingine wa nyumba hiyohiyo. Novemba 19, 2023, Osenat iliuza kofia nyeusi ya Napoleon, ya aina ile yenye ncha mbili anayoonekana nayo kwenye picha. Inasemekana katika utawala wake alizitumia takriban 120. Makadirio yalikuwa euro 600,000 hadi 800,000, ikauzwa kwa euro milioni 1.93 pamoja na ada. Kofia isiyo na gramu ya dhahabu ilizishinda bastola mbili zilizojaa dhahabu. Kwa maoni ya safu hii sababu ni rahisi: kofia ndiyo picha ya mtu mwenyewe, na hata asiyejua mtambo wa gumegume unavyofanya kazi anaweza kuitamani. Soko la kofia ni pana, la bastola ni la wajuzi.

Ushahidi mwingine unatoka kwa watu wasiokuwa wafalme kabisa. Januari 2002 Christie's ya New York iliuza jozi ya bastola za farasi zilizotengenezwa na Jacob Walster wa Saarbrücken. Zina mapambo ya chuma, si dhahabu. Lafayette, Mfaransa aliyepigania uhuru wa Marekani, alimpa George Washington mwaka 1778. Mwaka 1824 zikafika kwa Andrew Jackson, aliyekuja kuwa rais, naye kwa wosia akazirudisha kwa ukoo wa Lafayette. Ziliuzwa kwa dola 1,986,000 na sasa zimo katika makumbusho ya Fort Ligonier, Pennsylvania. Jozi nyingi zilizotengenezwa kwa ajili ya wana wa wafalme, zenye kung'aa mara kumi zaidi, hazijawahi kuona bei ya namna hiyo.

Hesabu ambayo katalogi haikuonyeshi

Hapa ndipo mwenye mtaji anapaswa kuchukua kalamu. Magazeti yaliandika kwamba bastola za Napoleon zilipita makadirio. Kwa desturi ya minada, makadirio hutajwa bila ada ya mnunuzi, ilhali bei inayotangazwa baadaye huwa na ada ndani. Ukilinganisha hizo mbili unalinganisha gunia tupu na gunia lenye mahindi. Tukichukulia kwa mfano tu ada ya asilimia 25, euro milioni 1.69 inatokana na nyundo iliyogongwa kwenye milioni 1.35 hivi. Hiyo imo ndani ya makadirio, haikupita.

Sasa tuchukue mfano wa kubuni. Mtu ananunua jozi, nyundo inagongwa kwenye milioni moja. Kwa ada ya asilimia 25 ametoa milioni 1.25. Angeweka fedha hizo mahali pa kupata asilimia 5 kwa mwaka, baada ya miaka 10 angekuwa na takriban milioni 2.04. Ili bastola zimpe kiasi hichohicho mkononi, na nyumba ya mnada ikimkata asilimia 10 kama muuzaji, nyundo lazima igongwe kwenye milioni 2.26. Yaani bei ya nyundo ipande kwa zaidi ya mara mbili, wastani wa asilimia 8.5 kila mwaka kwa miaka 10, ili tu mwenye mali awe sawa na jirani yake aliyetulia na asilimia 5. Hatujahesabu bima wala chumba chenye hewa isiyo na unyevu, na bastola hazitoi gawio.

Ukwasi nao ni mdogo. Hisa unaweza kuuza kesho asubuhi. Jozi ya bastola ya kifalme husubiri mnada unaofaa, katalogi inayofaa, na angalau matajiri wawili wanaoitaka siku hiyohiyo. Akiwa mmoja tu, hakuna mnada.

Serikali nayo ina mkono

Kabla ya mauzo ya Fontainebleau kukamilika, Wizara ya Utamaduni ya Ufaransa ilizitangaza bastola hizo kuwa hazina ya taifa na kuzinyima hati ya kusafirishwa. Kwa sheria ya nchi hiyo, uamuzi wa aina hiyo huipa serikali miezi 30 ya kutoa ofa ya kununua, na mwenye mali ana haki ya kuikataa. Mgeni anaruhusiwa kununua, ila hawezi kuondoka navyo moja kwa moja. Vitu vyaweza kutoka nje kwa muda tu, kisha virudi. Mnunuzi wa Ghuba au Amerika anayetaka kuviweka sebuleni kwake anapungukiwa hamu, na hamu ikipungua upande mmoja wa ukumbi, nyundo husikia.

Uingereza hutumia njia inayofanana. Mwaka 2023 ilizuia kwa muda kusafirishwa kwa bunduki ya gumegume ya kuwindia iliyotengenezwa na Asad Khan Muhammad kwa ajili ya Tipu Sultan wa Mysore, India, ikiwa na thamani ya pauni milioni 2. Lengo lilikuwa kumpa mnunuzi wa ndani nafasi ya kuinunua. Tipu aliuawa Mei 4, 1799 Waingereza walipouteka mji wake wa Seringapatam, na mali za ikulu yake ziligawanywa kwa wanajeshi kama ngawira. Kwa hiyo nchi iliyozichukua silaha zake kwa vita ndiyo inayozuia nyingine zisitoke kwa sababu za urithi. Wahindi wengi wameliona hilo, na mtu anayewekeza katika vitu vya Tipu anunue akijua kwamba swali la nani mwenye haki halijaisha. Karatasi inaweza kuwa safi kwa mahakama na bado ikawa na doa kwa watu.

Kikwazo cha tatu kina mkono wetu wenyewe. Tanzania ilikuwa mstari wa mbele katika pendekezo la kumweka ndovu wa Afrika katika orodha ya juu kabisa ya ulinzi, lililopitishwa katika mkutano wa CITES mjini Lausanne, Uswisi, Oktoba 1989. Tangu 1990 biashara ya kimataifa ya pembe za ndovu imepigwa marufuku, na nchi tajiri zimeendelea kubana masoko yao ya ndani. Marekani ilikaza kanuni zake mwaka 2016. Uingereza ilipitisha sheria mwaka 2018, ikaanza kutumika Juni 2022. Chini ya sheria hiyo, bastola iliyotiwa vipande vidogo vya pembe, visivyofikia asilimia 10 ya ujazo wake, yaweza kuuzwa ikisajiliwa mradi pembe hiyo ni ya kabla ya 1947. Lakini yenye kitako kizima cha pembe, kama zile za Catherine, inahitaji cheti maalumu kinachothibitisha kwamba ni ya kabla ya 1918 na kwamba ina thamani ya pekee kabisa ya kisanaa, kiutamaduni au kihistoria. Asiyepata cheti hana soko London. Uamuzi uliofanywa kwa ajili ya tembo wa Selous umeingia hadi kwenye makabati ya kioo ya Ulaya, jambo ambalo katalogi za zamani hazikuwahi kulifikiria.

Kabla ya kuinua mkono

Aliye na nia ya kuingia katika soko hili, hata kwa jozi ndogo isiyo ya kifalme, ajue kwanza kwamba bastola ni bastola hata ikiwa na miaka 200. Aulize polisi kabla ya kuagiza, si baada ya mzigo kufika bandarini. Pili, moja si nusu ya jozi. Bastola iliyopotezana na mwenzake hushuka bei kuliko mgawanyo wa kawaida wa mbili, na sanduku la asili likikosekana hushuka tena.

Tatu ni mtambo wenyewe. Mwaka 1807 mchungaji wa Uskoti, Alexander Forsyth, alipata hataza ya njia ya kulipua baruti bila jiwe, na ndipo fataki zikazaliwa. Wakati merikebu ya Sayyid Said wa Zanzibar, Sultana, ilipotia nanga New York mwaka 1840, miongoni mwa zawadi alizorudishiwa na Wamarekani zilikuwamo silaha za Colt zenye kupiga mara kadhaa bila kushindiliwa. Hakuna aliyethubutu tena kumpelekea mtawala gumegume. Katika miaka hiyo mamia ya wenye bastola nzuri walizipeleka kwa mafundi zigeuzwe kuwa za fataki: kinyundo kikang'olewa, kisahani kikakatwa, kitundu kikazibwa. Karne moja baadaye, bei ya gumegume ilipoanza kupanda, mafundi wengine wakazirudisha zilivyokuwa, na wengi walifanya kazi hiyo kwa ustadi.

Ndiyo maana mnunuzi mzoefu haangalii dhahabu kwanza. Anaomba taa, anaigeuza bastola ubavuni, na kuangalia eneo la kitundu na kisahani: kama rangi ya chuma ni moja, kama kuna alama ya kulehemu, kama skrubu zina umri sawa na mtutu. Baada ya hapo ndipo anaomba karatasi.